Jasho la Jua Si Jasho la Kupasha

Wadogo zangu wa tenisi,

Daftari hili mtalikuta kwenye kabati la raketi, chini ya wavu wa akiba. Msilipeleke kwa matroni. Nimeandika kwa sababu kuongea mbele yenu nimejaribu mara mbili, na mara zote mbili nimeishia kusema, "Haya, asanteni, tuendelee."

Kesho nastaafu. Mwalimu Kapinga, mwalimu wetu wa michezo, alipolisikia neno hilo alicheka mpaka akaweka chaki chini. "Skola, unastaafu una miaka kumi na saba? Basi sisi wengine tukachimbe makaburi." Lakini ni kweli. Niko kidato cha nne, mtihani unakuja, na kazi ninayoiacha nimeifanya miaka miwili na nusu: kuongoza kupasha misuli kabla timu ya wasichana haijagusa mpira.

Najua mnavyoisema kazi hiyo mkiwa bwenini. Mnaiita kurukaruka. Sisi tuliiita "kutetea", kama kuku, na nitawaambia kwa nini. Mnasema pia kwamba mimi ni makini sana, kwamba tangu nimeshika filimbi hajaumia mtu. Sijui nani aliwaambia. Nimeumiza mtu. Nimeumiza wawili, na wa pili hakuwa hata wa shule yetu. Hilo ndilo nimekaa kuliandika, ila niacheni nizunguke kidogo kwanza. Hata kalamu inataka kupashwa.

Kazi nilipewa kwa kosa la kunyamaza. Nilikuwa kidato cha pili, nasimama nyuma kabisa, nimejificha kwenye kofia ya sweta. Mwalimu aliuliza nani ataongoza kupasha, wenzangu wote wakasema "si mimi mwalimu", mimi nikashindwa hata kusema hivyo. Akanyoosha kidole. "Huyo ambaye hajakataa."

Siku ya kwanza nilihesabu kwa kunong'ona. Mstari wa mbele walikuwa wamefika saba, wa nyuma bado wako tatu, mmoja ameinama, mwingine ameruka, mwingine anafunga kamba ya kiatu. Mwalimu akasema tunafanana na mbuzi waliofunguliwa zizi kwa pamoja. "Skola, unamhesabia nani? Malaika wako?"

Kosa la pili lilikuwa la baridi. Hii baridi ya Mbinga mnaijua. Mwezi wa sita saa kumi na mbili asubuhi ukungu uko uwanjani kwetu, mstari wa chokaa hauonekani, vidole havishiki raketi. Mimi nilikuwa nimeona picha kwenye kitabu, mtu amenyoosha mguu, ameshika kidole gumba cha mguu, anavuta. Nikawakalisha wenzangu kwenye umande, nikawaambia shikeni, vuteni. Tukavuta. Tuliposimama kila mtu alikuwa mgumu kuliko alivyokaa, na suruali zimelowa nyuma.

Mwalimu Kapinga hakugomba. Alisema nao walifundishwa vilevile zamani, kuvuta kwanza, tena kwa muda mrefu, na mwalimu wao anapita na fimbo kuona nani hajafika chini. "Baadaye wakatuambia tumekosea. Kwanza mwendo, damu itembee. Kuvuta kwa muda mrefu ni baada ya mchezo, mwili ukiwa laini." Kisha akainua suruali akatuonyesha shavu la mguu wake wa kulia. Lina kishimo, kama mtu alibonyeza ugali kwa kidole akasahau. Alilichana akiwa chuo cha ualimu, asubuhi kama zetu, aliingia uwanjani moja kwa moja kutoka kitandani. "Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri mtu kanipiga jiwe. Niligeuka nikamkamata shati jamaa aliyesimama nyuma yangu. Maskini alikuwa anakula muhogo wake."

Tulicheka sana yule mtu wa muhogo. Naomba mumkumbuke. Mimi nilimkumbuka siku ambayo ingekuwa heri kwangu nisingemkumbuka.

Lakini aliyenifanya niielewe kazi si Mwalimu. Ni bibi yangu wa Mkumbi. Likizo moja nilikuwa namsaidia kulima ngolo, yale mashimo yetu ya kwenye miteremko. Nyie wa mjini mnayaona tu mkipita, mlima mzima umejaa vishimo kama sega la nyuki. Mimi nikashika jembe kwa pupa. Bibi akaninyang'anya. "Nani kakwambia unaanza na jembe? Unaanza na nyasi." Kwanza unafyeka. Zikishanyauka unazipanga kwa miraba, unainama, unainuka, unageuka, mikono inafunguka taratibu. Jembe linakuja mwisho, unachimba katikati ya mraba na udongo unafunika nyasi. Bibi ana miaka mingi, na mgongo wake umenyooka kuliko wangu. Nikarudi shule nikawaambia wenzangu, "Tunaanza na nyasi." Hawakuelewa, lakini walipenda jina. Mpaka leo zile mbio za mwanzo tunaziita nyasi. Sasa mnajua zimetoka wapi.

Basi sikilizeni kazi yenyewe, maana siku Mwalimu hayupo ni nyie.

Nyasi ni kuzunguka uwanja mara nne, polepole. Kipimo ni mdomo. Ukiweza kuimba bado hujapasha, ukishindwa kuongea umezidisha. Unatakiwa uweze kumsengenya mtu kwa sentensi fupifupi. Halafu kutetea: unakwenda ubavu, magoti yamekunjwa kidogo, makalio nyuma, hatua za harakaharaka, kulia mpaka kwenye wavu na kushoto mpaka mwisho. Ndiyo, unafanana na kuku. Tenisi karibu yote inachezwa ubavu, na misuli ya nyonga haijui hivyo mpaka uiambie. Mikono inazungushwa kuanzia duara dogo, kama unakoroga chai, mpaka duara la bega zima. Hatua ndefu za kuchuchumaa, mguu mmoja mbele. Kusimama kwa vidole na kushuka, mara ishirini, kwa ajili ya lile shavu la mguu. Msiliruke hilo. Halafu raketi bila mpira, unapiga hewa. Halafu mpira, mkiwa karibu na wavu, mnapeana kama watu wanaopeana chumvi. Mnarudi nyuma hatua kwa hatua. Sevu, ule mpigo wa kuanzisha, inakuja mwisho, kumi za nusu nguvu kwanza. Bega halitaki salamu ya ghafla.

Yote hayo ni dakika kumi na tano. Iandikeni mahali hiyo kumi na tano.

Sasa Ester.

Ester alikuwa mwenzangu wa kucheza wawili wawili. Kwao ni Lundo, chini huko ziwani. Alipofika kidato cha kwanza alikuta shule haina wavu, tunafunga kamba na kuning'iniza makanga mabovu. Likizo iliyofuata akarudi na kipande cha wavu wa kuvulia cha mjomba wake. Ndio huo uliolala juu ya daftari hili. Matundu yake ni makubwa kiasi kwamba mpira ukiwa na nguvu unapenya, na tulikuwa tukigombana, "Umepita juu!" "Umepita katikati!" mpaka Ester mwenyewe anakwenda kunusa wavu, eti unanuka samaki pale ulipoguswa. Alikuwa mtu wa namna hiyo. Mimi sikuhitaji kuongea nikiwa naye, aliongea kwa ajili yetu sote.

Na alikuwa mchezaji. Mimi nilikuwa wa kujaza nafasi, Ester alikuwa mchezaji. Mwaka jana, mwezi wa kumi, tulialikwa kucheza na shule moja ya kwao Lundo, na tuliambiwa watakuja walimu wawili kuchagua wasichana wa timu ya mkoa. Ester alipiga pasi sketi ya michezo mara tatu. "Watanichagulia nyumbani kwetu, Skola. Mama atakuwepo. Akiona nimechaguliwa hataniuliza tena tenisi inaliwa na nini."

Tuliondoka Mbinga na masweta, meno yanagongana. Barabara ikaanza kushuka, kona baada ya kona, na kila kona tunavua kitu. Tulipoliona ziwa tulikuwa tumebaki na fulana. Tulipoteremka Lundo tulikuwa tumelowa jasho kama watu waliotoka kisimani. Mwezi wa kumi kule si mchezo. Mchanga haukanyagiki peku.

Wenyeji walikuwa wameshazunguka uwanja, shule nzima, na akina mama na mabeseni yao. Mkuu wa shule akamchukua Mwalimu Kapinga kwenda kusaini kitabu cha wageni. Mnajua kitabu cha wageni, huwezi kukikimbia, na baada yake kuna soda. Mwalimu akanigeukia. "Skola, pasha timu. Dakika zote kumi na tano."

Nikapuliza filimbi. Nyasi tulikwenda mzunguko mmoja badala ya minne, niliona haya, watu wanatazama tu. Tukaanza kutetea.

"Heee! Kuku wa Mbinga hao!"

Alikuwa msichana mmoja mrefu, naye kavaa nguo za michezo, mchezaji wao. Jina lake Faraja, nilikuja kulijua baadaye. Akakunja mikono kama mabawa. "Wamekuja kutaga! Mama, leta tenga!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Akina mama wakacheka. Wenzangu wa timu nao wakacheka, na hilo ndilo lililonimaliza. Mtu mwenye haya haumwi na kicheko cha wengi, anaumwa na kile cha wa kwake.

Nilisimama. Masikio yalikuwa yanawaka. Nikafuta uso, mkono ukalowa jasho, na hapo ndipo nikapata uongo wangu. Nikawaambia wenzangu, "Inatosha. Jua la huku limeshatupasha."

Ester aliniangalia. "Na vidole? Na sevu za nusu?"

"Ester, si unaona unavyotoka jasho?"

"Sawa kiongozi," akasema. Ester, anayebishana na wavu, siku hiyo hakubishana.

Hili ndilo kosa la watu wa juu tunaposhuka ziwani, nami nilikuwa nalijua kuwa ni kosa, Mwalimu alishalisema garini. Jasho la jua linatoka kwenye ngozi. Msuli ndani umekaa vilevile ulivyokaa kwenye kiti, umekunjwa kona zote zile tangu Mbinga. Ngozi imelowa, nyama imelala. Mkitoka jasho bila kufanya kazi, hamjapasha, mmelowa tu.

Tulicheza wawili wawili, na mchezo wa kwanza Ester alitupatia. Wa pili, mpinzani akadondosha mpira mfupi karibu na wavu. Ester akachomoka kutoka nyuma. Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwake na nilisikia. Ta! Kama ukuni mkavu. Ester akaanguka kwa mikono, akageuka nyuma, uso umejaa mshangao kuliko maumivu.

"Nani kanipiga?"

Sijui kama mnaelewa. Nyuma yake, nje ya mstari, alikuwa amesimama Faraja.

Mama Ester alishafika uwanjani, beseni ameliacha linabiringika. Ni mama mnene, mpole, siku zote anasema taratibu. Siku hiyo hakusema taratibu. "Wewe! Tangu asubuhi unawazomea watoto wa watu! Umempiga mwanangu jiwe kwa wivu!"

"Mama, sijarusha kitu! Haki ya Mungu!"

"Nyamaza! Mwenyewe kasema kapigwa!"

Mwalimu wao wa zamu akauliza nani alikuwa anazomea. Watu mia wakaonyesha kidole kimoja. Jiwe lilitafutwa, halikuonekana, kwenye mchanga jiwe litatoka wapi. Faraja akapigishwa magoti palepale pembeni ya uwanja, juani, na akafutwa kwenye orodha ya watakaocheza mbele ya wale walimu wawili. Zamu yake ilikuwa inafuata baada yetu.

Na mimi nilikuwa nimeshamkumbuka mtu wa muhogo. Nilijua. Katika uwanja ule wote, Mwalimu Kapinga akiwa bado na soda yake kwa mkuu wa shule, ni mimi peke yangu niliyejua kwamba hakuna jiwe; wenzangu walioisikia hadithi ile walikuwa wamebaki na kicheko chake tu. Nilitakiwa kusema maneno manne: hakuna jiwe, hatujapasha misuli. Hata yangekuwa matano.

Sikusema. Niandike ukweli wote, maana daftari halicheki. Sehemu moja ya moyo wangu ilikuwa inaogopa. Sehemu nyingine ilimwona Faraja kwenye mchanga ikasema, na wewe sasa taga.

Tulimbeba Ester mimi na mwenzetu mwingine mpaka kwenye gari. Mama yake akanikimbilia dirishani, akaniwekea mapajani furushi la usipa, wale dagaa wa kwao, amefunga kwenye kitambaa chake mwenyewe. "Mwanangu, umembeba mwenzio kama ndugu. Mpelekee bibi yako."

"Asante mama," nikasema. Nikaupokea.

Mwalimu Kapinga alikuja akipumua kwa nguvu. Aliushika mguu wa Ester, akaubonyeza taratibu, akaenda kukaa mbele. Gari lilipoanza kupanda akaniuliza bila kugeuka, "Skola, mlipasha?"

"Ndiyo mwalimu."

"Zote?"

Nikainamia furushi la usipa. Na Ester, amelala kiti cha nyuma, mguu juu ya begi, machozi yanaingia masikioni, akasema, "Zote, mwalimu. Tulitetea mpaka wakatucheka."

Hospitali, Mbinga, daktari alisema msuli umechanika. Akauliza kama alipigwa na kitu. Mwalimu akanitazama mimi. Nikasema, "Walisema ni jiwe." Walisema. Mnaona nilivyojificha kwenye hilo neno, kama kwenye kofia ya sweta.

Usipa wa Mama Ester bibi yangu aliupika na nyanya. Alisifu kila tonge. Mimi nilisema nimeshiba, nikamsogezea sahani yangu.

Ester alikaa wiki sita akitembelea fimbo. Timu ya mkoa walichaguliwa wengine. Januari alirudi anatembea vizuri, akaanza kucheza polepole, na mimi nikawa napasha timu kwa ukali ambao mnausifu. Kila mtu alisema Skola amekomaa. Hamkujua ni mtu anayefua shati ambalo doa lake liko kwenye ngozi.

Asubuhi moja ya mwezi wa tatu, mvua imetufungia kwenye veranda, Ester akasema tu, kama habari ya kawaida, "Mama na yule dada Faraja bado hawasalimiani. Wanapishana njia ya kisimani, mama anageuza uso. Na watu kule wanamwita Mrusha Mawe. Mpaka watoto wadogo."

Nikamwambia. Nilimwambia yote, kwa kunong'ona, naangalia maji yanavyodondoka. Mtu wa muhogo, jasho, kila kitu. Nilimaliza nikangoja anipige.

Ester alinyoosha mkono nje ya veranda, maji yakajaa kiganjani, akayamwaga. Kisha akasema, "Mguu nimekusamehe, si nilijua hatujapasha? Nami nilikubali. Lakini mama yangu, Skola? Umemfanya mama yangu akamtukana mtoto wa mtu mbele za watu. Mama yangu?"

Wiki tatu hakusema nami. Tulicheza wawili wawili kama mtu na ukuta.

Nilikwenda kwa Mwalimu Kapinga mwenyewe, nikiwa na filimbi mkononi ili aichukue. Alisikiliza mpaka mwisho. Filimbi hakuigusa. "Nikikuvua utapumzika," akasema. "Kesho saa kumi na mbili uko uwanjani, unahesabu. Na Lundo utakwenda mwenyewe. Barua siandiki."

Likizo ya mwezi wa sita nikashuka na Ester. Nilibeba maharage ya bibi, na kile kitambaa, nimekifua. Tulimkuta Mama Ester anaanika usipa kwenye vichanja, asubuhi, upepo unatoka ziwani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu! Karibu, karibu. Bibi hajambo?"

Nikasema nilichokuja kusema. Alikuwa anageuza samaki kwa kiganja, safu kwa safu, na aliendelea kugeuza wakati wote ninaongea. Alipomaliza kichanja cha kwanza akahamia cha pili, nami nikamfuata, bado naongea. Sikuwahi kuongea maneno mengi hivyo maishani. Mwisho akafuta mikono.

"Ester. Nipe kanga yangu ya kanisani."

"Mama, unakwenda wapi?"

"Ninakwenda kuomba radhi. Siendi na nguo ya samaki."

Wadogo zangu, nilitembea nyuma ya yule mama kijiji kizima. Watu wanamsalimia, "Mama Ester, kuna msiba?" naye anajibu, "Upo, ni wa kwangu." Nilitamani ardhi inimeze, lakini ilikuwa mchanga, nayo haikunitaka.

Faraja alikuwa anafagia uwanja wa kwao. Alipomwona Mama Ester aliweka ufagio chini, na pamoja na yote akapiga goti kumsalimia, kama mtoto yeyote aliyelelewa. Nikayaona magoti yale yakigusa mchanga.

Mama Ester akamwinua. "Usinipigie goti leo. Mwanangu, nilikusingizia mbele za watu. Hukurusha jiwe. Nisamehe." Mtu mzima anamwomba msichana wa shule. Aibu ilikuwa yangu, nimemvika yeye, na ilikuwa haimtoshi.

Faraja hakujua aangalie wapi. "Yameisha mama," akasema. Kisha akaniangalia mimi, naye hakuwa na haraka.

"Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi. Naomba radhi."

"Kisa nilikuita kuku."

"Ndiyo."

Akachukua ufagio, akaegemea. "Nionyeshe."

"Nini?"

"Hicho kitu ulichokionea aibu. Chote. Kifanye hapa."

Nikamtazama Ester. Ester akakaa kwenye ngazi, akakunja mikono. Basi nikavua kandambili, nikaanza na nyasi. Mizunguko minne ya uwanja wa watu, najihesabia.

"Sisikii," Faraja akasema.

Nikaongeza sauti. Nikatetea, kutoka jikoni mpaka kwenye mpapai na kurudi, kuku wenyewe wakinikimbia. Majirani wakaanza kujaa uani.

"Bado sisikii."

Nikahesabu kwa sauti ambayo sikujua kuwa ninayo. Mikono, chai mpaka bega. Hatua ndefu. Vidole, mara ishirini, nikampigia kelele kila namba. Watoto wakacheka wakaniiga. Faraja hakucheka hata mara moja. Nikashika ufagio wake nikapiga hewa badala ya raketi, nikasevu kumi za nusu bila mpira, nikasimama, napumua.

"Imeisha?"

"Imeisha."

"Ni dakika ngapi hiyo?"

"Kumi na tano."

Akachukua ufagio wake mkononi mwangu. Akainama kuendelea kufagia, akifuta nyayo zangu kwenye mchanga.

"Mimi kwa magoti nilikaa zaidi ya hapo," akasema.

Filimbi nimeifunga kwenye kona ya wavu, upande usiotoboka. Atakayeichukua ahesabu kwa sauti.

Skola